Mkono Ukifanywa Mguu

Saa kumi jioni, kengele ya mwisho ikishapigwa, viwanja vya shule katika mji wa Kayanga, wilayani Karagwe, hugawanyika. Mpira wa miguu huchukua sehemu kubwa, kama kawaida yake. Pembeni, penye majani, hubaki kundi lisilohitaji mpira wala goli. Mmoja anapiga kichwangomba. Mwingine amesimama kwa mikono, miguu inayumba hewani. Wa tatu anatembea kwa viganja na wenzake wanamhesabia hatua kwa sauti: sita, saba, nane, chini!

Anayeanguka hucheka, hujipangusa vumbi jekundu na kurudi kwenye foleni. Ila mara kwa mara yupo anayerudi akiwa ameushika mkono mmoja kwa mwingine, akiuzungushazungusha pale saa inapofungwa. Akiulizwa, husema unauma kidogo tu. Na jibu analopewa, liwe la mwenzake, la mwalimu au la mzazi, huwa ni lile lile: utazoea.

Sura hii inahusu neno hilo. Misuli huzoea. Ngozi ya kiganja nayo huzoea, ikaota sugu. Lakini katika kifundo cha mkono wa mtoto wa miaka 10, 12 au 14 ipo sehemu moja isiyozoea kugongwagongwa. Hujeruhiwa kidogo kidogo, na ikijeruhiwa kupita kiasi huweza kuacha kukua.

Mchezo wenye historia

Sarakasi si jambo geni kwa Watanzania. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali ilipeleka vijana China kujifunza sanaa hiyo kwa miaka kadhaa, na waliporejea likaundwa Kundi la Taifa la Sarakasi mwaka 1969. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, sarakasi ikawa miongoni mwa masomo yake pamoja na ngoma, muziki na maigizo. Chuo hicho ndicho leo kinachojulikana kama TaSUBa. Kwa wasiofika Bagamoyo, ipo halaiki: mamia ya watoto wa shule wakijipanga uwanjani siku ya sherehe za kitaifa, wakijenga minara ya miili na kupinduka kwa pamoja mbele ya umma.

Kisha kukaja simu za mkononi, na nyota wapya. Mwezi Februari 2024 Watanzania wawili, Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, wanaojulikana kama Ramadhani Brothers, walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League nchini Marekani kwa mchezo wa kubebana kichwa kwa kichwa. Miezi sita baadaye, kwenye Olimpiki ya Paris, Kaylia Nemour wa Algeria alitwaa dhahabu ya fito mbili, medali ya kwanza ya Olimpiki katika jimnastiki kwenda kwa nchi ya Afrika. Video za watu hawa hufika hadi vijiji vya Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, na mtoto anayezitazama jioni hutaka kuzijaribu asubuhi.

Hilo ni jambo jema. Mtoto anayepinduka anajenga mizani, nguvu na ujasiri, na hatumii hata shilingi moja kununua vifaa. Ila kuna pengo kati yake na wale anaowaiga. Msanii aliyefunzwa amepandishwa ngazi kwa ngazi, na yupo mkufunzi wa kumwambia pumzika. Mtoto wa kiwanjani hujifundisha kwa macho, na ngazi zote huzipanda kwa wiki moja. Mlinzi wake ni mtu mzima aliye karibu, akiwa na maarifa ya kumlinda.

Sehemu ambayo bado haijawa mfupa

Mguu uliumbwa kubeba mwili. Una kisigino kinene, una uvungu unaobonyea kama springi, na juu yake kuna goti na misuli mikubwa ya paja ya kumeza kishindo. Mkono uliumbwa kushika. Kifundo chake kimeundwa na mifupa midogo minane, iliyopangwa kama kokoto mbele ya mifupa miwili mirefu: mmoja upande wa dole gumba, mwingine upande wa kidole cha mwisho. Mtu anaposimama kwa mikono, mifupa hii miwili haigawani mzigo sawa. Ule wa upande wa dole gumba hubeba karibu asilimia 80.

Na mzigo wenyewe si uzito wa mtoto peke yake. Anapojirusha kinyumenyume na kutua kwa viganja, kila mkono unaweza kupokea nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wa mwili wake wote. Mtoto wa kilo 35, basi, kwa sehemu ndogo ya sekunde huweka zaidi ya kilo 70 juu ya kifundo kilichokunjwa hadi mwisho wake. Wakulima wa Karagwe wanalijua gunia la kahawa la kilo 60 na jinsi linavyomwelemea mwanamume mzima. Mtoto hupokea zaidi ya hilo kwa mkono mmoja, na kwa jioni moja huweza kulipokea mara 30 au 40.

Mtu mzima angeumia misuli au kano. Kwa mtoto, palipo dhaifu zaidi ni pengine. Karibu na mwisho wa kila mfupa mrefu kuna tabaka jembamba la gegedu, laini kuliko mfupa, na humo ndimo mfupa unamorefukia. Anayeishi shambani anaweza kulifikiria kama jani jipya la mgomba ambalo bado limejikunja: ukuaji unaonekana hapo, na hapo bado ni laini. Kwa mfupa ule wa upande wa dole gumba, takriban asilimia 80 ya urefu wake hutoka kwenye gegedu lililo jirani na kifundo, yaani mahali pale pale panapopokea kishindo.

Gegedu hili likigongwa siku baada ya siku bila nafasi ya kujirekebisha, hupanuka na kingo zake huharibika. Daktari Steven Roy na wenzake Dennis Caine na Ken Singer walichapisha mwaka 1985 taarifa ya wanajimnastiki wadogo 21 waliokuwa na tatizo hilo. Wale ambao picha za eksirei hazikuonyesha mabadiliko walipona kwa wastani wa wiki nne. Wale ambao picha zilionyesha kwamba gegedu limeshaharibika walihitaji miezi mitatu au zaidi. Tofauti ilikuwa mapema na kuchelewa.

Tangu hapo tafiti nyingine zimekuta zaidi ya nusu ya wanajimnastiki wadogo waliochunguzwa wakiwa na maumivu ya kifundo. Wanaoendelea kujilazimisha huweza kufika mahali pabaya zaidi: mfupa wa upande wa dole gumba unaacha kukua kabla ya wakati, ule wa upande wa pili unaendelea, na mwishowe unakuwa mrefu kuliko mwenzake na kuisukuma mifupa midogo ya kifundo. Hayo ni maumivu ya utu uzima, ya kumfuata mtu kwenye jembe, kwenye cherehani na kwenye kibodi.

Umri wa hatari unafahamika. Ni ule wa kurefuka ghafla, sketi ya shule inapokuwa fupi ndani ya muhula mmoja: kwa mabinti mara nyingi miaka 11 hadi 13, kwa wavulana miaka 13 hadi 15. Mfupa hurefuka haraka kuliko unavyokomaa. Hata Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki liliona umuhimu wa kusubiri: tangu mwaka 1997 msichana haruhusiwi kushindana ngazi ya wakubwa mpaka mwaka anaotimiza miaka 16.

Kusikia mkono unachosema

Maumivu ya gegedu yana tabia yake. Huanza taratibu, bila ajali. Hukaa upande wa nyuma ya kiganja, karibu na dole gumba. Huja kifundo kinapokunjwa na kubebeshwa uzito, na mwanzoni hutoweka mtoto akipumzika. Wiki zikipita huanza kubaki baada ya mazoezi, halafu hujitokeza hata wakati wa kufungua mlango au kukamua nguo. Mshiko hupungua nguvu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mtu mzima abonyeze kwa kidole chake mfupa wa upande wa dole gumba, kama upana wa kidole kimoja juu ya mkunjo wa kifundo, kwa mkono mmoja kisha mwingine. Mtoto akishtuka kwa upande mmoja, hilo latosha kumwondoa kwenye mazoezi ya mikono siku hiyo hiyo. Maumivu yakizidi wiki mbili, au kukiwa na uvimbe, ni wakati wa kwenda hospitali. Kwa watu wa Kayanga, Hospitali ya Nyakahanga haiko mbali. Kwa uchunguzi mkubwa zaidi safari hufika Bukoba, zaidi ya kilomita 100, au Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Ni vizuri vifundo vyote viwili vipigwe picha ili daktari avilinganishe, na mzazi ajue kwamba picha ya wiki za mwanzo inaweza kuonekana safi ilhali jeraha lipo.

Si kila maumivu ya kifundo yametokana na mchezo, na hapa uangalifu unatakiwa. Mtoto aliyeanguka akajikinga kwa kiganja, na sasa anaumia kwenye kibonde kilicho chini ya dole gumba, huenda amevunja mfupa mdogo ambao picha ya siku ya kwanza mara nyingi huukosa; hufungwa kifaa cha kutuliza mkono na hupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Uvimbe wa mviringo usiouma sana mgongoni mwa kifundo huwa ni kifuko cha majimaji, na wengi hawahitaji upasuaji. Lakini homa pamoja na mfupa unaouma, au maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, hayasubiri wiki mbili: yanaweza kuwa maambukizi ndani ya mfupa. Na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye selimundu kwa wingi, hivyo mtoto anayeumwa mifupa mara kwa mara bila sababu ya michezo apimwe damu.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyafanya kwa nia njema na yakaumiza. La kwanza ni kumpeleka mtoto akavutwe na kukandwa mkono kwa nguvu ili "urudi mahali pake". Gegedu lililojeruhiwa halijatoka mahali pake. Kulivuta ni kuliongezea jeraha. La pili ni kidonge kabla ya mazoezi. Panadoli au diklofenaki inayomezwa ili mtoto aweze kusimama kwa mikono haitibu chochote. Inanyamazisha kengele, na mtoto anaendelea kugonga palipovimba bila kujua.

Kupumzisha mkono, siyo mtoto

Tiba kuu ni rahisi kuieleza na ngumu kuifuata: mkono usibebe uzito wa mwili mpaka maumivu yaishe. Kwa jeraha la mapema ni wiki nne hadi sita. Kwa lililochelewa ni miezi. Siku za mwanzo kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya baridi, au barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, kikiwekwa dakika 15 mara mbili tatu kwa siku, hutuliza. Daktari anaweza kuongeza kifaa cha kushikilia kifundo, na mara chache hogo.

Watoto huogopa likizo hii kwa sababu huiona kama kufukuzwa. Mwalimu mwenye busara hawatoi kikosini. Miguu ipo: kuruka, kutua, kusimama kwa mguu mmoja, msamba. Tumbo na mgongo vipo. Mabega yanaweza kunyooshwa kila siku, na hiyo ni kazi yenye faida maradufu, kwa sababu mtoto mwenye mabega magumu akisimama kwa mikono hushindwa kunyooka, na kifundo ndicho kinachokunjwa zaidi ili kufidia. Wengi wanaorudi baada ya likizo iliyotumika vizuri husimama wima kuliko walivyoondoka.

Kurudi nako kuna ngazi. Mtoto huanza pale tu mfupa unapobonyezwa bila kuuma na mkono unapokunjwa bila kuuma. Wiki ya kwanza aegemee ukuta kwa viganja, akiwa amesimama. Ya pili apige magoti na kuegemea chini. Ya tatu akae mkao wa pushapu bila kushuka. Kisha kusimama kwa mikono ukutani kwa sekunde chache, na mwisho kabisa kupinduka na kujirusha. Maumivu yakirudi kwenye ngazi fulani, hushuka ngazi moja na kukaa hapo kwa siku kadhaa.

Kinga: kuhesabu

Kinga ya kwanza ni hesabu, na haigharimu kitu. Mwalimu wa halaiki anayejua kwamba kikosi chake kimesimama kwa mikono mara 20 leo anaweza kupanga miguu na minara kesho. Siku mbili za mikono zisifuatane. Mzigo usiongezwe ghafla wiki ya mwisho kabla ya sherehe, kwani huo ndio wakati mazoezi hugeuka kuwa asubuhi na jioni, na vifundo vilivyokuwa vizima tangu mwanzo hulalamika. Mtoto aliyerefuka sana muhula huu apunguziwe, hata kama ndiye bora kuliko wote.

Ya pili ni ardhi. Wasanii wa pwani hufanya mazoezi mchangani. Kayanga ina udongo mwekundu unaokauka kiangazi ukawa kama sakafu. Uwanja wenye majani ni bora. Magunia yaliyojazwa maranda kutoka kwa mafundi seremala, yakabanwa na kushonwa vizuri, hutengeneza godoro la kutosha. Lisiwe laini mno: kiganja kikizama, kifundo hukunjwa zaidi ya pale kingekunjwa kwenye sehemu ngumu kiasi.

Ya tatu ni maandalizi. Dakika kumi za kuzungusha vifundo, kukunja na kukunjua vidole, kutambaa polepole kwa mikono na miguu kabla ya kujirusha. Mara tatu kwa wiki, mazoezi ya nguvu: kukamua taulo iliyolowa kwa pande zote mbili, kufinya mpira wa matambara, kuinua chupa ya maji ya nusu lita kwa kifundo tu, mkono ukiwa umelazwa juu ya paja. Misuli ya kigasha ikiwa imara huzuia kifundo kisikunjwe hadi mwisho.

Pushapu zinastahili kutajwa peke yake. Shuleni hutumika kama mazoezi na mara nyingine kama adhabu, na mtoto aliyeamriwa pushapu 50 asubuhi anakuja kwenye halaiki jioni akiwa ameshamaliza akiba ya kifundo chake. Hata asiyeumwa ni heri azipige kwa ngumi juu ya majani au akishika vipande viwili vya mti wa mviringo, ili kifundo kibaki kimenyooka. Anayeumwa, au aliyeambiwa na daktari apumzike, asipige kabisa, na wala asiadhibiwe kwa hilo.

Kinga inayobaki iko nyumbani. Kazi za nyumbani nazo ni mzigo: kudeki sakafu kwa kuegemea kiganja, kufua mablanketi, kubeba ndoo kwa kuning'iniza mkono. Mtoto aliye kwenye likizo ya kifundo anaweza kupewa kazi nyingine kwa wiki chache, na ndugu zake waelezwe sababu ili asionekane mvivu. Kwenye sahani, ndizi na maharage ya Karagwe hushibisha na hutia nguvu, lakini mfupa unaokua unataka pia kalisi. Maziwa yapo kwa wafugaji. Dagaa wa Ziwa Viktoria, wanaoliwa na mifupa yao, hupatikana sokoni kwa bei ambayo familia nyingi huimudu.

Ombi kwa aliye kiwanjani

Hakuna haja ya kuwanyang'anya watoto sarakasi. Gegedu hufunga lenyewe na kuwa mfupa kamili, kwa kawaida kati ya miaka 14 na 18, mabinti wakitangulia wavulana, na baada ya hapo mkono hubeba kwa uthabiti zaidi. Kinachotakiwa ni kulivusha salama katika miaka hiyo michache.

Mwalimu, kocha, kaka mkubwa unayewafundisha wadogo zako kupinduka: kesho jioni, kabla ya kichwangomba cha kwanza, wapange mstarini. Pita kwa kila mmoja, bonyeza pale juu ya kifundo upande wa dole gumba, mkono wa kulia na wa kushoto, na uliza kama panauma. Atakayesema ndiyo usimwambie atazoea. Mpe kazi ya miguu, mwambie mzazi wake jioni hiyo hiyo, na wiki ijayo umbonyeze tena.